Fanueli Melkizedeki na Kipande cha Ini la Kaka Yake

Huyu tunayemzika leo ni Fanueli Melkizedeki, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Melkizedeki na Mama Rahabu. Alizaliwa hapa Bombo tarehe 4 Machi 1936.

Alisoma shule ya misheni hapa hapa, kisha Same. Kaka yake, Hezroni, aliacha masomo akaenda kukata mkonge ili mdogo wake aendelee. Fanueli hakulisahau hilo.

Mwaka wa Uhuru aliajiriwa maabara ya hospitali moja Dar es Salaam. Alikata vipande vyembamba vya nyama ya wagonjwa, iliyohifadhiwa kwa fomalini na kugandishwa ndani ya nta, akavitia rangi ili visomwe kwenye hadubini. Mwaka 1964 alimuoa Mwalimu Hedwiga, ambaye husema alizoea harufu ya fomalini kwenye shati kabla hajamzoea mwenye shati.

Juni 1970 Hezroni alifariki, tumbo limejaa maji. Watu wakasema mkewe, Eliakunda, kamlisha sumu. Maneno yalipozidi akarudi kwao Ndungu. Viwanja vya kijiji cha ujamaa vilipogawiwa, jina lake halikutajwa. Kipande cha ini la Hezroni, kilichochukuliwa kupimwa alipofariki, kilikuwa maabara kwa Fanueli, na Fanueli alikipima akakipima tena bila jibu, maana fomalini hiyo hiyo inayohifadhi nyama huficha alama za ugonjwa.

Mwaka 1977 akajifunza njia mpya: kuloweka kipande kwenye kimeng'enya cha kumeng'enya chakula, ili kilichofichwa kifunguke na rangi inase. Alisema ni kama kupika makande, ukiwahi kuepua hayajaiva, ukichelewa yamevurugika. Vipande kadhaa vya ini la kaka yake viliharibika hivyo. Kimoja kikakubali, rangi ikanasa virusi vya ini. Akapanda basi kuja nyumbani.

"Mama, kaka aliuawa na ugonjwa. Eliakunda hana kosa."

Mama akaweka kikombe cha chai chini.

"Kamlete," akasema.

Mwaka jana ini la Fanueli nalo likashikwa na ugonjwa, akarudi Bombo kuuguzwa. Mama mwenyewe aliamua uji wake upikwe na Eliakunda, naye Fanueli aliunywa mkononi mwa shemeji yake mpaka mwisho. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 1980, saa nne asubuhi. Nyumbani bado hatujaweza kulia. Tunapika, tunapokea wageni, tunakaa.

Ameacha mama, mke, watoto wanne na shemeji. Huyo shemeji Mama ameagiza asomwe kwa jina, mbele ya wote: Eliakunda, mke wa Hezroni, wa nyumba hii.

Fanueli, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.