Mji Uliotuchukulia Gachanja

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Waithera, dada mdogo wa marehemu, na karatasi hii ni ya pili, kwa sababu ya kwanza niliiandika bila kutaja Kilifi hata mara moja, mama akaisikiliza, akanirudishia, akaniuliza hiyo miaka kumi na sita mtoto wake alikuwa wapi, hewani?

Mwalimu Gachanja Muturi alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Bahati, kifungua mimba wa marehemu mzee Muturi na mama Wangare. Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka wa 1991, akafanya mtihani wa darasa la nane 1998, akasoma sekondari mjini Nakuru hadi 2002, kisha akahitimu katika jiografia huko Nairobi mwaka wa 2008, na mpaka hapo alikuwa wetu.

Septemba 2009 aliajiriwa kufundisha chuoni Kilifi, akatuambia ni mihula miwili tu. Weee! Kila Desemba alikuja, mama akiacha mlango wa nyuma bila komeo mpaka afike, na kabla hajamaliza chai ameshaanza, mara mkono wa bahari unaoingia bara, mara feri iliyovusha watu kabla ya daraja, mara magofu ya Mnarani, kaya za Wagiriama, ile misitu yao mitakatifu, mara mahamri na mbaazi, hadi mimi ambaye sijawahi kukanyaga huko naweza kuwaelekeza mitaa yake. Nilimwonyesha mlima wetu Menengai mbele ya macho yake, akasema ni mzuri, akaendelea na Kilifi. Mchungaji anisamehe, niliuonea mji huo wivu kama mke mwenza.

Tarehe 18 Agosti 2012 alimwoa Kadzo, binti wa huko huko, wakajaliwa watoto waliopewa majina ya wazazi wetu, Muturi mwaka wa 2014 na Wangare 2017, ambao wakisema kwetu hawamaanishi hapa, na hilo lilinichoma sana.

Aliugua figo kuanzia Februari 2024, akatuacha tarehe 9 Juni 2025 akiwa Kilifi, na ni mimi niliyeng'ang'ana azikwe Bahati, Kadzo akakubali, nami nikaona nimeshinda.

Lakini jana basi la chuo lilipofika, mwanafunzi wake Samsam, ambaye hajawahi kufika Bonde la Ufa, alizunguka nyumba bila kuuliza mtu, akaingia jikoni kwa mama kwa ule mlango wa nyuma, akaniita Waithera kabla sijajitambulisha. Kumbe kila mwaka, somo lake la kwanza, Gachanja alichora ubaoni Menengai, ziwa, barabara ya Bahati, boma letu na mlango huo, akitutaja kwa majina, na darasa zima likaunakili mchoro huo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bahati, wenzake wa chuo, na ninyi watu wa Kilifi mliomuuguza sisi tukiwa mbali. Wivu bado ninao, siwezi kuwadanganya mbele ya jeneza. Kadzo, mke wa kaka yangu, unisamehe, na Desemba uwalete watoto.

Nawe Gachanja, pumzika kwa amani, umefika nyumbani, na mlango wa nyuma hatutautia komeo.