Dada Aliyebebeshwa Kosa la Darubini

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kusoma maisha ya dada yetu, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mama mshonaji, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1978, ambaye sisi wadogo zake tulimwita Macho, kwa sababu hakuna kilichompita.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu uhandisi mwaka 2003, na mwaka uliofuata akaajiriwa kituo cha darubini kule kilimani, akitunza kipokezi, yaani mtambo unaonasa mwanga hafifu wa leza kutoka vyombo vilivyo mbali sana angani na kuugeuza kuwa picha.

Hapo kituoni alikutana na mhandisi mwenzake, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, wakafunga ndoa Agosti 2008, wakajaliwa mabinti wawili.

Juni 2016 zamu ilikuwa ya dada, ila alibaki nyumbani kumuuguza mtoto, shemeji akamshikia, na kwa haraka zake akafungua kifuniko cha darubini mchana kweupe, jua likaingia moja kwa moja, kipokezi kikaungua. Wakuu walipoanza kuuliza, alimwambia mkewe jikoni, “Kubali wewe, mimi nitakutetea.” Dada alikubali, akaachishwa kazi, wala hakutetewa, na shemeji ndiye aliyepewa kitengo chake. Tangu hapo dada alifundisha hesabu sebuleni, akiwasikia wanafunzi wakinong’onezana kwamba mwalimu wao ndiye aliyeunguza darubini, na asubuhi akimpigia mumewe pasi shati la kwendea kituoni.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, na mwezi uliopita aliniita kitandani akanieleza yote, akasema, “Mkinisomea, msiruke mwaka ule.” Alifariki alfajiri ya tarehe 3 mwezi huu.

Shemeji alituomba tuseme tu kwamba aliacha kazi ili alee watoto. Tumekataa. Karatasi hii nilimsomea kabla ya kuja hapa, akakiri kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpikia, nanyi wafanyakazi wenzake, ambao wengi wenu mnayasikia haya leo, basi rudini nayo kazini mkayaseme kama yalivyo. Shemeji, binti zako wanakuuliza tangu jana kama haya ni kweli, tunakuomba uwajibu mkifika nyumbani.

Dada yetu, pumzika kwa amani.