Kikombe Alichokirudisha Afande Fungua

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka polisi mwanamke aliyetutoka wiki hii baada ya kuugua. Mtaani tulimwita Afande Fungua. Mwanamke akija kituoni kusema amepigwa, afande aliwaambia vijana wake neno moja: "Fungua!" Yaani fungua jalada, kesi ianze.

Neno dogo, lakini lilimponza. Siku zile kituo kilipimwa kwa uchache wa malalamiko. Malalamiko machache, sifa tele. Basi polisi wakawa mafundi wa kufukuza watu, hata vijana wake yeye akiwa hayupo kaunta. "Dada, hayo ya ndani, kayamalizeni nyumbani." Kituo chake kikapewa kikombe. Eti mtaa una amani! Amani gani, jamani?

Wiki ileile akaingia msusi mmoja, mkono umefungwa plasta. Alikuwa ameshafukuzwa pale kaunta mara mbili, akarudi nyumbani, mumewe akamvunja mkono. Afande akamtazama. Akakitazama kikombe kinavyong'aa kabatini. Damu ikamchemka.

Alikibeba kwapani hadi kwenye kikao cha wakubwa.

"Vipi afande, umekuja kupiga nacho picha?" mkuu wake akamtania.

"Nimekuja kukirudisha, mkuu. Tumekipata kwa mkono wa mtu uliovunjika. Tupimeni upya. Waulizeni wanawake waliokuja kwetu: mlisikilizwa? Mko salama?"

Wakamnyima cheo. Wakampeleka stoo kuhesabu sare. Dada yake anasimulia: "Nilimwambia, mdogo wangu, mwenye nguvu mpishe. Akanijibu, 'Dada, nikimpisha mimi, atapita juu ya yule msusi.'"

Hakunyamaza ng'o. Kila kikao, swali lilelile, mpaka wakachoka wao. Kipimo kikabadilishwa, naye akarudishwa kaunta. Mwezi wa kwanza malalamiko yakafurika, foleni ikafika barabarani. Vijana wakashika vichwa. Yeye akacheka: "Sasa ndiyo tumeanza kazi!"

Sasa kuna minong'ono kwamba kipimo cha zamani kitarudishwa. Jana mazikoni msusi aliisikia. Akasema mbele ya wakubwa, bila kupepesa macho: "Thubutuni. Mtatukuta hapohapo kaunta."

Kwa dada yake na kwa wanawe, poleni sana. Tumelia pamoja nanyi, na hasira yenu ni yetu.

Na wewe afande unayetusikiliza, redio ikiwa pembeni ya kaunta yako, jiulize unapimwa kwa kipimo gani. Kisha inua macho. Kuna mwanamke amesimama mbele yako.

Fungua.