Mama Mlio na Watu Wasiosema Kimoyomoyo

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Mlio anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha utafiti wa fikra. Kwa miaka kumi na minane meza yangu imetazamana na yake, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuandika haya. Nilidhani itakuwa rahisi. Nimeanza mara nne.

Aliajiriwa kupiga chapa, akahamishiwa kwenye mahojiano ilipobainika kwamba wahojiwa walimsimulia koridoni mambo waliyotuficha ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa swali moja. Mhojiwa alifungwa kidude kiunoni, akaenda zake kupika, kufua au kupanga foleni benki. Kidude kililia mara sita kwa siku, bila taarifa. Kila kilipolia, aliandika kilichokuwa kichwani mwake sekunde ile kabla ya mlio. Kesho yake alikaa mbele ya Mama Mlio, naye akauliza: kulikuwa na nini? Kama ni maneno, maneno gani, kwa sauti ya nani, yamekamilika au yamekatika? Watu walitoka jasho. Mwalimu mmoja wa hesabu aligundua kwamba siku nzima hakuwaza ila mlango wa jokofu lake usiofunga vizuri. Aliondoka amenuna.

Mkuu wetu wa kitengo aliamini kwamba kuwaza ni kuongea kimya, na kwamba kila mwenye akili timamu husema kimoyomoyo. Mhojiwa aliyedai hakusikia neno lolote aliandikiwa "hakuelewa swali," karatasi yake ikaenda stoo. Mama Mlio hakuona tatizo, maana yeye ni msemaji wa ndani asiyechoka. Humaliza ugomvi mzima na muuza nyanya kabla hajafika sokoni.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Kufikia mwaka wa kumi na tisa wa kazi ya mkewe hapa, nyumba yao ilikuwa imepoa. (Haya nayaandika kwa ruhusa ya Mama Mlio.) "Najua anachosema moyoni," Mama Mlio alizoea kuniambia. "Ananisema mimi." Alishaongea na dada yake kuhusu chumba cha kuhamia.

Asubuhi moja mhojiwa hakutokea. Fundi alikuwa ameleta mapazia ya ofisi, na mkuu akamwomba avae kidude. Kesho yake akaketi mbele ya mkewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.

"Mlio wa kwanza," Mama Mlio aliuliza. "Kulikuwa na nini?"

"Kola."

"Ulisema neno kola?"

"Hapana. Kola yenyewe. Ilikuwa inajikunja upande wa kushoto."

"Na sauti ikasema nini?"

Fundi alinitazama kama anayeomba msaada. "Sauti ya nani?"

Mlio wa tano ulikuwa wa jioni, nyumbani. Alikuwa amemwona mkewe akipanda ngazi na mfuko.

"Ukasema nini moyoni?"

"Sikusema kitu. Nilihisi uzito wa mfuko. Nikaja kukupokea."

Mama Mlio aliweka kalamu chini. Aliukumbuka mfuko ule: mume alikuwa ameuchukua bila hata salamu, na yeye akapanda ngazi zilizobaki akijibu kimoyomoyo matusi ambayo hakuna aliyeyatoa. Aliomba likizo ya wiki mbili, ya kwanza tangu nimfahamu.

Aliporudi alidai ufunguo wa stoo. Mkuu alikataa, akisema mume wa mtu si sayansi. "Basi niruhusu niwatafute wengine," alimjibu, na hakutoka mlangoni mpaka akapewa. Kwa miaka miwili, kwa simu na kwa miguu, aliwasaka watu mia mbili na saba walioandikiwa kwamba hawakuelewa. Sitini na mmoja walikubali kuvaa kidude tena. Baadhi kweli walikuwa hawajaelewa. Wengine walibadili majibu. Lakini thelathini na wanane walishikilia yaleyale: picha, hisia, au kulijua jambo tu, wazi kabisa, bila neno.

Mkuu aliisoma ripoti mara tatu, kisha akavaa kidude mwenyewe kwa wiki nzima. Alichokikuta hajatuambia hadi leo. Ila alichukua kalamu yake akaifuta ile sehemu ya "hakuelewa swali" kwenye fomu zetu, na jina la Mama Mlio likakaa kwenye ripoti sambamba na lake.

Ningependa kusema kwamba sasa tunaelewa. Hatuelewi. Nami nilivaa kidude: milio mitatu nilisikia maneno, miwili sijui, na mmoja nadhani nilibuni jibu ili nimridhishe muulizaji. Wiki iliyopita nilimuuliza Mama Mlio fikra isiyo na neno ni kitu gani hasa. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mdogo wangu, nimechanganyikiwa kuliko siku niliyoanza."

Kwa dada yake hakuhamia. Anakiri kwamba bado hugombana na mumewe kichwani, akijibu pande zote mbili. Siku hizi, kabla hajanuna, hupitia kwenye cherehani kumuuliza anawaza nini. Mara nyingi ni vifungo.

Asante, Mama Mlio, kwa kutufundisha kutomjibia mtu. Uzeeni kwako kuwe na afya, kicheko na usingizi mnono.

Tulimwomba fundi naye atoe neno la kuchapisha hapa. Alisimama kimya muda mrefu, uzi mdomoni, nasi hatukujua kimya kile kilikuwa na nini ndani yake. Mwishowe akasema, "Andikeni kwamba namngoja nyumbani."