Jedidah Makena na Paa la Daraja la Ng'ombe

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, dada yetu mkubwa kazini, Jedidah Makena, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kulitunza Daraja la Ng'ombe, katika bustani yetu ya mashambani mbele ya mji wa Ilford, huku ughaibuni. Asubuhi hiyohiyo mafundi wanakuja kuling'oa paa la daraja. Eti imetokea tu!

Daraja hili la mbao lilijengwa na mfugaji aliyechoka kusukuma ng'ombe walioogopa kuona maji. Akalizungushia kuta, akaliezeka, nao wakavuka wakidhani wanaingia zizini. Shamba likageuzwa bustani ya umma, daraja likabaki, kwa kuwa paa lilizikinga mbao na mvua ya nchi hii isiyojua kupumzika.

Siku yake ya kwanza kazini, Jedidah alidhani ni nyumba ya mtu. Alisimama mlangoni, ufagio mkononi, akipiga hodi kwa adabu zote za kwao Meru, hadi mzee mmoja akatokea upande wa pili na mbwa wake. Jedidah akamwomba radhi kwa kumwamsha! Tangu hapo hatuvuki kimya. Hata Gurdial, seremala wetu, hupiga hodi.

Wapenzi wangapi wamejikinga mvua humo, naye akawafagilia majani miguuni bila kuwafukuza! Mimi na Eddie wangu tulichumbiana hapo, mvua ikipiga ngoma juu yetu. Mwezi uliopita tulirudi kupigwa picha za arusi, na Jedidah ndiye aliyenishikia shela lisiguse tope. Ah, siku ile!

Sasa bosi wetu, Lorraine, anasema paa linafanya watu wakae-kae. Jedidah alimjibu mkutanoni: "Mama, daraja si choo, kwamba mtu akimaliza atoke." Tulicheka, lakini uamuzi ulikuwa umeshapita. Aliyelitunza hakuulizwa! Badala yake ameandaliwa chai na biskuti ofisini, saa ileile ya kubomoa, ili asione. Hiyo ni dharau, na tunaisema wazi.

Kwa hiyo, wageni wetu, msiende ofisini. Sherehe imehamia darajani. Gurdial analeta meza, Jedidah atakaa katikati, chini ya paa lake, na pilau haitaliwa haraka. Mafundi wakifika watapewa sahani. Ngazi zao zitasubiri nje.

Dada Jedidah, asante kwa kuifanya kazi hii kwa mapenzi. Tunakuombea pumziko refu lenye afya na vicheko. Ila Ijumaa, tafadhali, usiinuke kitini.