Daftari la Nane la Mzee Geresoni Mwakatundu

Mzee Geresoni Ambindwile Mwakatundu, tunayemlaza leo Jumamosi tarehe 11 Mei 2002, alizaliwa hapa hapa Lufingo tarehe 14 Machi 1943, katika nyumba ambayo siku hizi ni migomba mitupu. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Ambindwile. Wa nne na wa mwisho ni Ikupa, anayewasomea wasifu huu. Mtamvumilia. Hajazoea kusoma mbele ya watu bila kaka yake kumkatiza na kumwambia arudie kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Alianza shule hapa Lufingo mwaka 1952 na kumaliza darasa la nane Tukuyu mwaka 1959. Alikuwa darasa la tatu pale mwalimu alipompa nafasi ya kondoo katika igizo la Krismasi. Kondoo hakupangiwa maneno. Geresoni akamwandikia kondoo maneno yake, akasimama mbele ya wazazi wote akayasema mpaka mwisho, na Jumatatu akachapwa viboko vitatu. Baba alipomuuliza kwa nini hakukaa kimya kama wenzake, alijibu, "Tata, kondoo ndiye aliyekuwepo tangu mwanzo. Angeachaje kusema?"

Mwaka 1966 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika Kiwanda cha Chai Ipalamo, na hapo ndipo alipoanza kuandika kwa bidii, nyuma ya fomu za mizani zilizokwisha kutumika. Mchezo wake wa kwanza, *Mzani wa Karani*, ulimhusu karani mwizi, na karani huyo alimwigiza mwenyewe. Meneja alicheka mpaka akajifuta machozi. Kesho yake asubuhi akaja kuukagua mzani. Ulikuwa sawasawa, lakini wachumaji walimwita Karani Mwizi kwa miaka mingi, naye aliitika.

Kwa jumla aliandika michezo mifupi ishirini na mitatu. Mingine ilikuwa ya Mei Mosi, mingine ya kipindupindu, mingine ya ukimwi, ile ambayo watu wa miradi walikuja kuiagiza na kuondoka kabla haijaisha. Michezo mirefu ilikuwa mitatu. *Koti la Babu* ni wa mwaka 1981. *Lori la Saa Kumi* ni wa mwaka 1987. Wa tatu, *Geti*, aliumaliza mwaka 1999, nao unahusu watu walioachishwa kazi ambao bado wanaamka kila asubuhi kwenda kusimama getini. Huo haukuigizwa hata mara moja, kwa sababu wa kuuigiza walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Hapa inabidi tueleze alivyofanya kazi, maana msiba huu umetokea hapo. Karatasi zilikuwa shida. Kwa hiyo Mzee Geresoni hakuandika mchezo mzima mahali pamoja. Alichukua daftari la shule, akalikata katikati kwa panga, na kila mwigizaji akapewa nusu yake yenye maneno yake peke yake. Juu ya kila jibu aliandika maneno matatu manne ya mwisho ya yule anayetangulia kusema, ili mtu ajue zamu yake imefika. Maneno hayo aliyaita mikia. Alisema mtu akipewa mchezo mzima hasikilizi wenzake, anasubiri kwake tu. Pengine ni kweli. Lakini maana yake ni kwamba mchezo mzima haukuwepo popote isipokuwa siku ile waigizaji wote walipokuwa ukumbini.

Tarehe 21 Juni 1969 alifunga ndoa na Atupakisye, binti wa Masukulu, mchumaji wa chai. Alimpendea sauti. Alipomleta nyumbani mama yetu alinung'unika kwamba binti huyu akiomba chumvi, jirani ndiye anayeileta. Geresoni akasema huyo ndiye. Kwa ajili yake aliandika Mama Kapu wa *Lori la Saa Kumi*, yule mama anayefikisha majani yake kituoni saa kumi jioni, lori la kiwanda haliji, na wenzake wanaondoka mmoja mmoja mpaka anabaki yeye na majani yanayoanza kunyauka. Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 5 Desemba 1987 katika bwalo la kiwanda. Wachumaji waliokuwa wamekaa chini walilia kwa sauti, maana lori hilo walilijua. Baada ya mchezo mzee mmoja alikwenda kwa Atupakisye, akamshika mikono yote miwili, akamshukuru, "Ndaga, mwanangu. Ndaga."

Wakati huo nyakati zilikuwa zimeanza kubadilika. Bwalo likageuzwa ghala, na vijana wakahamia kwenye mabanda ya video pale Tukuyu mjini. Kiwanda kikapata wenyewe wapya, na tarehe 30 Juni 1995 yakabandikwa majina ya waliopunguzwa. Geresoni alikuwemo. Waigizaji wake sita kati ya wanane wa *Lori* nao walikuwemo. Wakatawanyika, wengine Chunya kwenye dhahabu, wengine Mbarali kwenye mpunga, na kila mmoja akaondoka na nusu daftari lake kwenye begi. Kaka alirudi nyumbani kwake Bulyaga kukaa na mkewe na watoto, bila mzani na bila mchezo. Ikupa alikwenda kumtazama mwezi wa saba akamkuta amekaa mbele ya redio isiyo na betri.

Kuanzia mwaka 1997 alijiwekea kazi moja, kuyarudisha madaftari manane ya *Lori* yawe mchezo tena kabla hajafa. Alikwenda kwa miguu, na kwa kuomba lifti za malori ya ndizi. La Meshaki, aliyeigiza karani wa kituo, lilikuwa ndani ya Biblia hapa Lufingo. La Andrea lilikuwa limechomekwa darini. Wilson wa Masukulu alikuwa amevutia tumbaku kurasa zake nyingi, ila maneno aliyakumbuka yote, akayasema huku anapalilia na kaka anaandika nyuma yake akitembea kwenye tuta. Mpaka mwishoni mwa mwaka jana alikuwa na saba. La nane lilikuwa la Mama Kapu.

Mjane ameomba yanayofuata yasomwe kama alivyoyasema mwenyewe siku ya Ijumaa, jana. Mchungaji alimwambia kwa upole, "Mama, haya tungeyaongea ofisini." Atupakisye akamjibu, "Mchungaji, mume wangu hakutafuta ofisini. Alizunguka wilaya nzima watu wakimwona. Na mimi wanione."

Mwezi Agosti 1996 mtoto wao Edward, akiwa na miaka kumi na saba, alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Siku ya tano alikuwa hamjui mama yake. Hapo Bulyaga palikuwa na mkutano wa injili, na mhubiri mgeni akasema kila mtu ana kitu cha zamani anachokikumbatia, akitoe, Mungu aone. Atupakisye alitafuta nyumba nzima kitu anachokipenda. Nguo hakuwa nazo za kupenda. Alilichukua daftari la Mama Kapu, akalitia motoni kwenye mafiga, akaapa kwamba mtoto akipona, maneno yale hayatatoka kinywani mwake tena mpaka anakufa. Siku ya saba Edward aliomba uji.

Basi mume alipoanza kuuliza daftari, mke alisema amelisahau lilipo. Alipoulizwa tena alisema alimwazima Tupokigwe, yule msichana aliyekuwa akishika nafasi yake akiugua, ambaye aliolewa akaenda mbali asikojua mtu. Mzee akamwambia, "Sawa. Lakini wewe ndiye uliyemwigiza Mama Kapu miaka minne, Mama Edward. Huna hata mstari?" Akajibu, "Sina." Alikuwa nao wote. Alikuwa akitwanga mahindi anawaza mistari ile, anauma midomo, na akimwona Edward anakohoa anahesabu kama kuna neno limemponyoka. Kwake hesabu ilikuwa hiyo, mchezo wa mume au pumzi ya mtoto. Semeni nani angemshauri.

Kaka alijaribu kumwandika Mama Kapu upya. Alijaribu mara sita. Mikia yake yote alikuwa nayo, kwa sababu ilikuwa kwenye madaftari ya wenzake, kwa hiyo alijua kila jibu lake lilivyoishia, asijue lilivyoanza. Alimwambia Ikupa, "Naandika, anaongea karani mstaafu. Yule mama haji." Alikuwa amekonda. Alikuwa amekata tamaa kiasi cha kuongea na watu akitazama miguu yao.

Mwezi wa nne mwaka huu dereva mmoja wa lori la ndizi alimwambia Tupokigwe yuko Kyela. Mafuriko yalikuwa yamejaa huko, barabara imekatika, na kila mtu alimkataza. Atupakisye alimkataza kuliko wote. Alimshika koti mlangoni, akasema, "Baba Edward, nakuomba, achana nalo. Ni karatasi tu." Ingetosha hapo kusema neno moja. Hakulisema. Mzee alikwenda, akavuka maji ya kiunoni, akalala siku nne kwenye mbu wa kule ambao sisi watu wa milimani damu yetu haiwawezi. Alimkuta Tupokigwe, naye akamwambia, "Mzee wangu, daftari hilo mimi sijawahi kulishika hata siku moja. Mama alikuwa halitoi mkononi."

Alirudi Bulyaga tarehe 28 Aprili akitetemeka. Atupakisye alimvua viatu akisubiri. Mzee alisema, "Tupokigwe anakusalimu." Hakuongeza kitu, siku ile wala siku zilizofuata. Atupakisye anasema angempiga ingekuwa nafuu, na Ikupa anamwamini.

Tarehe 5 Mei malaria ilipanda kichwani, akalazwa hospitali ya wilaya kule Tukuyu, ambako wauguzi walimhudumia kwa moyo. Alhamisi tarehe 9, mchana, aligeuza uso kwa mkewe na kusema kwa sauti ya Meshaki, ile ya karani wa kituo, "Mama, lori haliji leo. Nenda nyumbani." Huo ndio mkia wa maneno ya mwisho ya Mama Kapu. Akamtazama. Akarudia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walidhani ni homa. Atupakisye alijua si homa, alijua anapewa zamu yake. Edward alikuwa amesimama pale pale, mzima, anakunja shuka, na mama akamtazama mwanawe akafunga mdomo. Mzee alirudia mara ya tatu, polepole. Alisubiri jibu. Saa tisa alasiri alifariki akiwa bado anasubiri.

Ikupa alipoambiwa haya jana alimkasirikia wifi yake, na hataki kuwaficha. Alimwambia maneno ambayo hayafai kuchapishwa. Kisha Edward, ambaye hakuwa anajua lolote, aliinuka kwenye mkeka. Alidhaniwa anatoka nje. Akaenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akasema, "Mama, miaka sita umenibeba mdomoni. Nimekua. Nishushe." Atupakisye akasema, "Nikishusha ukafa?" Edward akasema, "Nitakuwa nimekufa baba amejibiwa." Walilia wote wawili. Ikupa alikwenda kutafuta daftari na panga. Mpaka jua linazama Atupakisye alikuwa amesema, na Ikupa ameandika, kurasa zote za Mama Kapu isipokuwa jibu la mwisho. Hilo alisema anadaiwa na mumewe peke yake.

Marehemu ameacha mjane, Atupakisye, na watoto watatu, Dickson, Tulia na Edward. Ameacha wajukuu watano na mdogo wake Ikupa. Ameacha *Geti*, ambao haujaigizwa, na madaftari manane ya *Lori la Saa Kumi*, ambayo tangu jana yako kwenye mfuko mmoja.

Tunawaomba mbaki kimya kidogo. Kabla udongo haujarudishwa, Meshaki atasogea hapa kaburini na kusema maneno yake kama alivyoyasema mwaka 1987. Mjane atamshika Edward mkono, naye atajibu. Walioko nyuma ambao hawatasikia, jibu hili hapa. Atupakisye alimnong'oneza Ikupa asubuhi hii, akiomba lichapwe ili asiweze kurudi nyuma:

KARANI: Mama, lori haliji leo. Nenda nyumbani.

MAMA KAPU: Nimekusikia, mwanangu. Tangu saa kumi nakusikia. Majani yamekufa, nayaona, sihitaji kuambiwa. Lakini niliyachuma mimi, kwa mikono hii, na siwezi kuyaacha barabarani kama hayana mwenyewe. Nenda wewe. Mimi nitakaa nayo.

Upumzike, Geresoni. Umejibiwa.