Mama Kikoti na Asili ya Neno "Mtiki"

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Rozalia Kikoti anastaafu, baada ya kukitumikia kitalu chetu cha miche hapa Iringa kwa miaka thelathini na minne. Alianza kwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya miche, akamaliza akiwa mkuu wa kitalu. Miche yake imeota Ruaha Mbuyuni na imeota Chunya. Ile aliyoikataa kwa kasoro ndogo tu ndiyo iliyotutoa jasho sisi wasaidizi wake.

Mwaka 1998 aliandika kijitabu cha majina ya miti, kikasambazwa shuleni. Humo alieleza kwamba mtiki uliitwa hivyo kwa kuwa mabwana misitu wa zamani waliuwekea tiki kila mti uliofaa kukatwa. Alilipata wapi hilo? Mwenyewe anakiri alilibuni akinywa chai. Sote tulilimeza, nami nikawa nawasimulia wageni kwa mbwembwe.

Mwaka jana Mwalimu Asmaa alileta wanafunzi wake kutoka Mbeya. Alisoma kibao chetu chenye maelezo hayo, akangoja watoto wasogee, ndipo akamweleza Mama kwa adabu kwamba neno hilo tulilipokea kwa Waingereza, nao kwa Wareno, na Wareno walilikuta kusini mwa India kwa wasemaji wa Kimalayalamu, mojawapo ya lugha za Kidravidi, ambao mti huo huuita tekku. Mama alinuna siku tatu. Siku ya nne akafungua kamusi, akakuta mgeni kasema kweli.

Basi usingizi ukampaa. Hakutaka kustaafu akiwaachia watoto uongo wake. Kila wiki alipanda basi na gundi yake, shule kwa shule, akibandika masahihisho. Tulipomwambia aache, nani atajali, alitujibu kuwa watoto wa watu si viriba vya kujaza chochote.

Ilibaki Idodi. Mwalimu mkuu Jailos, aliyekisoma kijitabu hicho utotoni, aligoma. Eti habari hiyo ndiyo iliyomfanya akipende Kiswahili. Nilikuwepo, na kwa kweli niliogopa. Mama akaomba kuingia darasa la sita, akawaambia watoto kinagaubaga kuwa alikosea, akaomba radhi. Mwalimu Jailos akachukua gundi, akabandika mwenyewe.

Kurudi, Mama alilala fofofo kutoka Idodi hadi mjini, na barabara ile tunaijua kwa mashimo yake.

Ahsante, Mama, kwa kazi na kwa ukali wako. Mungu akupe afya na siku nyingi za furaha. Lala utakavyo, hatutakuamsha.

Lusekelo, kwa niaba ya wenzako wa kitalu